Baiskeli ya gia moja kwa mji wa milima kama Mwanza: raha yake, gharama yake, na meno ya friwili tunayoyasahau

Cheni Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtu akiuliza humu anunue baiskeli gani ya kutumia Mwanza, majibu huwa ni yale yale. Mmoja anasema chukua ya gia, mji huu ni mawe na milima. Mwingine anasema achana na mapambo, chukua Phoenix la chuma upige nalo kazi. Wanabishana mpaka uzi unapoa, na aliyeuliza anaondoka bila jibu. Mimi ni wa kundi hilo la pili. Natumia ya gia moja kila siku kati ya Igoma na mjini na naipenda kwa dhati, ila naona sisi watetezi wake tunaitetea vibaya. Kusema tu kwamba wazee wetu waliipanda mpaka Magu na kurudi hakumsaidii mtu anayekaa Isamilo, kule mlimani.

Nianze na sifa zake za kweli, maana ni nyingi.

Ya kwanza ni cheni. Kwenye baiskeli za gia cheni lazima iwe nyembamba ili ipite kati ya meno ya gia zilizopangwa kwa kubanana, na muda mwingi inakwenda imekaa upande. Ya gia moja inatoka mbele kwenda nyuma imenyooka, na chuma chake ni kipana: ndani ina 1/8 ya nchi, wakati za gia nyingi ni 3/32. Ikipata mafuta na kufutwa vumbi inakaa sana. Halafu hakuna kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni, ambacho kinaning'inia karibu na ardhi kikisubiri jiwe. Wanaokwenda Igombe na Kayenze kwa njia za pembeni wanajua nazungumzia nini: mchanga unaingia humo, majani yanajisokota humo, baiskeli ikiangukia upande wa kulia kinapinda, na kuanzia hapo gia zinaruka zenyewe.

Ya pili watu wengi hawaijui, nayo ni gurudumu la nyuma. Baiskeli ya gia nyingi inahitaji nafasi ya kupanga gia zake upande wa kulia wa habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima na kuvutwa kwa nguvu kuliko za kushoto. Gurudumu linakuwa limeegemea. Ya gia moja, spoku zinakaribia kulingana pande zote mbili, na haya madume yetu, yaani baiskeli za chuma kama Phoenix, ya ringi 28 kwa kawaida yana spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ndiyo maana linabeba gunia la mkaa, madumu ya maziwa au tenga la samaki bila kupinda. Enzi za daladala za baiskeli, kabla pikipiki hazijachukua kazi ile, abiria mzima alikaa juu ya keria siku nzima, akishuka huyu anapanda yule. Kazi ile isingewezekana kwa gurudumu la kuegemea.

Ya tatu ni fundi. Spana mbili, nyundo, bisibisi na kopo la gololi, kazi inaanza. Kuanzia Usagara mpaka Kisesa hukosi mtu wa aina hiyo kando ya barabara, na vipuri anavyo kwenye kisanduku chake.

Sasa gharama yake, na hapa ndipo naomba tuwe wakweli. Nimehesabu. Chukua baiskeli ya kilo 20, mtu wa kilo 65 na mzigo wa kilo 35, jumla 120. Mbele meno 48, nyuma 20, ringi 28. Kila ukizungusha pedeli mara moja unakwenda kama mita 5.36. Panda mlima unaonyanyuka mita 8 kwa kila mita 100: mguu unatakiwa kusukuma kwa wastani zaidi ya kilo 50, mzunguko mzima, bila kupumzika. Na kwa kuwa pedeli ikifika juu kabisa na chini kabisa mguu hauna nguvu, pale katikati inabidi usukume kuzidi uzito wako mwenyewe. Ndiyo sababu mtu ananyanyuka kwenye siti, anavuta usukani, na bado anashuka na kukokota. Hilo si suala la uvivu.

Lakini angalia jambo hili. Badilisha friwili, lile duara la meno la gurudumu la nyuma, weka ya meno 22 badala ya 20. Kila mzunguko sasa ni mita 4.87, na nguvu ya kusukuma imepungua kwa karibu asilimia 9. Umepoteza nini kwenye tambarare? Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, ulikuwa unakwenda kilomita 19.3 kwa saa, sasa unakwenda 17.5. Hazifiki hata kilomita 2. Nani kati yetu, amebeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, anazihitaji hizo kilomita mbili kuliko anavyohitaji kufika juu akiwa bado amekaa kwenye siti?

Hata wale mabingwa wa Ufaransa walilijua hili. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, na mpaka mwaka 1937 ndipo vifaa vya kuhamisha cheni viliporuhusiwa. Kabla ya hapo watu walivuka milima ya Alps kwa gia moja kwa wakati. Habu ya nyuma ilikuwa na meno pande zote mbili: wakifika chini ya mlima wanashuka, wanafungua gurudumu, wanaligeuza upande wenye meno mengi, wanafunga, wanapanda. Walichagua meno kulingana na njia iliyo mbele yao. Sisi tunanunua baiskeli dukani na meno iliyokuja nayo, tunaipanda miaka kumi, halafu tunasema haifai kwa milima.

Kwa hiyo hoja yangu ni hiyo. Gia moja si tatizo, tatizo ni gia moja isiyo ya njia yako. Kabla hujauza baiskeli, hesabu meno. Karibuni tujadiliane, na mafundi naomba mniongezee.

Fundi wa Mabatini

Mkuu Cheni Moja, umeongea vizuri. Mimi niko kwenye kazi hii tangu kijana, na naongezea ya kibandani.

Wateja wakija wanalalamika baiskeli nzito, kwanza siangalii meno. Nainua nyuma, nazungusha pedeli kwa mkono. Mara nyingi nakuta cheni imebanwa kama waya wa fensi. Mtu anaogopa itachomoka, anaikaza mpaka inalia, na gololi za krenki (pale pedeli zinapozungukia) zinakufa kabla ya wakati. Cheni ya gia moja inatakiwa icheze kidogo. Shika katikati, kati ya mbele na nyuma, sukuma juu na chini: ikicheza kama nusu nchi imekaa sawa. Na usipime sehemu moja tu. Zungusha pedeli taratibu, kuna mahali inakaza na mahali inalegea, kwa sababu lile duara la meno la mbele ni nadra kuwa mviringo kamili. Pima pale inapokaza zaidi.

Pili, kuchakaa. Cheni yoyote ya baiskeli, kutoka pini moja mpaka inayofuata ni nusu nchi. Weka rula, anza katikati ya pini, hesabu vipande 24. Ikiwa mpya inasoma nchi 12 kamili. Ikifika nchi 12 na 1/8, toa. Ukiendelea nayo itakula meno ya friwili, na cheni mpya ukija kuifunga juu ya meno yaliyoliwa itaruka ukiwa unapanda mlima, pale pale umesimama kwenye pedeli. Nimeona watu wakiumia vibaya kwa hilo.

Tatu, kotapini, ile pini inayoshika mkono wa krenki kwenye ekseli yake. Ukisikia "tok" kila pedeli ikizunguka na mkono wa krenki unacheza, usiendelee kukanyaga. Kotapini imelegea, na ukiendelea nayo inakula ekseli, hapo gharama si ya kotapini tena. Nati yake inakazwa baada ya kugonga pini ikae, siyo kuivuta pini kwa nati.

Meno ya friwili ninayo 16, 18, 20 na 22. Asilimia kubwa ya watu wa mjini wanaondoka na 18 kwa sababu wanataka mwendo. Mimi huwa nawauliza wanaishi wapi.

Mwendo wa Ziwa

Nawasalimu wote. Mimi ni wa gia na nitabaki kuwa wa gia, ila uzi huu una hesabu kwa hiyo nami nije na hesabu.

Meno 22 yanakupunguzia asilimia 9. Sawa. Lakini kwa mlima ule ule na mzigo ule ule, baiskeli yenye uwezo wa kushuka mpaka jino kwa jino, mbele 24 nyuma 24, inakupeleka juu kwa kusukuma kama kilo 22 tu. Siyo asilimia 9, ni zaidi ya nusu. Ukifika tambarare unapandisha gia, unakwenda na upepo. Mwenye gia moja akiwa na upepo mgongoni miguu inazunguka bure, hana cha kusukuma. Na mchana upepo wa ziwa ukianza kuingia nchi kavu, anayeelekea ziwani ni kama amepewa mlima ambao haupo. Kutoka Pasiansi kurudi Kirumba ni tambarare kabisa, lakini kuna siku unahisi umebeba mtu mgongoni.

Jingine ni umbali. Mimi na wenzangu siku za mapumziko huwa tunatoka Buhongwa, Usagara, Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatuna tena cha kusubiri kivuko, tunavuka moja kwa moja upande wa Sengerema. Njia hiyo ina mpando na mteremko usiokwisha. Kuna jamaa alikuja na ya gia moja, ana nguvu za kutosha, na kwenye kila mlima alikuwa mbele yetu kwa sababu hana namna ya kwenda polepole: akipunguza mwendo anasimama. Saa mbili za kwanza ilikuwa raha kumtazama. Kurudi alikokota.

Hiyo ya kwamba gia zinaharibika, mkuu, tuseme ukweli wote. Zinazoharibika ni zile zinazouzwa zikiwa na gia 18 kwa bei ya kutupa, zimefungwa na mtu ambaye hakuzirekebisha. Ya gia iliyo nzuri, ikisafishwa, inadumu.

Cheni Moja

Mkuu Mwendo wa Ziwa, hapo kwenye safari ndefu nakubaliana na wewe bila kubisha. Mtu wa kwenda Sengerema au kuitafuta Musoma, anunue ya gia.

Ila hiyo "ikisafishwa" ndiyo mzigo wenyewe. Anayebeba maziwa kutoka Kisesa alfajiri hana jioni ya kukaa na brashi kusugua gia saba. Anashusha madumu, anayaosha, analala. Baiskeli yake inatakiwa ivumilie kusahauliwa. Hilo ndilo ninaloliheshimu kwenye chombo hiki: kinamvumilia mtu aliyechoka.

Na umenikumbusha jambo. Mtaani baiskeli nyingi za gia za mtumba zikishaharibika kile kimkono cha nyuma, watu wanakwenda kwa fundi "aziue gia". Anakata cheni, anachagua jino moja, yaani duara moja la meno la katikati, anaunga. Inaonekana imekuwa ya gia moja, lakini siyo. Fundi wa Mabatini tafadhali lisemee hili.

Fundi wa Mabatini

Naletewa kila wiki. Shida ni mbili.

Dume la kawaida, mahali ekseli ya nyuma inapoingia ni mfereji unaolala, kwa hiyo unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni inakaa, unakaza nati. Nyingi za gia mfereji wake umesimama wima. Gurudumu linakaa mahali pamoja tu, huwezi kulivuta. Ukikata cheni inakuwa ama imelegea ama imebana, na hata ikikaa sawa leo, ikichakaa kidogo huna pa kuikazia. Inachomoka.

Ya pili, meno yenyewe. Meno ya gia nyingi yamechongwa mafupi na mengine yamekatwa pembeni makusudi ili cheni ihame kwa urahisi. Sasa wewe unataka isihame. Ukikanyaga kwa nguvu inahama yenyewe, inapanda jino la pili, inakaza ghafla, na kitu fulani kinavunjika.

Kama huna budi, kile kimkono usikitupe ikiwa bado kinasimama. Kiache kifanye kazi ya kuvuta cheni tu, kikazwe kwenye jino moja kwa skrubu zake. Hiyo inakwenda. Na kama kimepinda, usikubali kukatiwa cheni kabla fundi hajajaribu kukinyoosha.

Binti Nansio

Kaka zangu, mbona mnazungumza kama baiskeli zote zinapandwa na wanaume wenye ringi 28?

Mimi ni wa Ukerewe. Kwetu baiskeli ni ya nyumba nzima. Asubuhi inakwenda kisimani, mchana inabeba muhogo, msimu wa machungwa inabeba machungwa kwenda Nansio, jioni mtoto anatumwa nayo dukani. Na kila mmoja ana kimo chake na nguvu zake. Hapo ndipo naona sifa ya gia moja ambayo hakuna aliyeitaja: haihitaji kufundishwa. Mtoto aliyejua kukanyaga kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo (bomba la juu la fremu), amejua yote. Za gia tumeziona, mtu mmoja anaielewa, wengine wanabadilisha gia huku wamesimama, cheni inakwama, inalazwa ukutani.

Lakini nikija kwenye ubaya, kwangu siyo meno. Ni uzito wa chuma chenyewe. Kilo 20 kabla hujaweka ndoo. Ukishindwa mlima unashuka, na sasa unakokota chuma pamoja na mzigo, na chuma hicho kinataka kukuangukia. Mwanamke mjamzito anakokota hivyo. Ingekuwa nyepesi, hata hizo gia tusingezihitaji.

Na fremu za kike, zile za mtaimbo ulioshuka, kwa nini zimekuwa adimu? Kupanda dume ukiwa umevaa gauni na una mtoto mgongoni ni hatari.

Cheni Moja

Dada Binti Nansio, asante sana, hiyo ya nyumba nzima imenigusa.

Kwenye uzito wa chuma nina jibu la hesabu, ila hesabu haikokoti baiskeli, kwa hiyo nalitoa kwa heshima. Ukiwa umekaa juu unapanda, jumla ni kilo 120. Ukipata baiskeli nyepesi kwa kilo 6, umepunguza asilimia 5. Meno 22 yanakupa asilimia 9 na friwili ni kipuri cha bei ndogo, baiskeli nyepesi ni fedha nyingi. Lakini ukishashuka na kukokota, meno hayana msaada wowote na kilo ndizo zinazohesabiwa. Hapo umesema kweli tupu. Kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya njia yake ni kukokota, ushauri wangu wa friwili haumtoshi.

Fremu za kike, njia ninayoiona ni zile za mtumba kutoka Japani, za kikapu mbele na mtaimbo ulioshuka. Ziko za gia moja na ziko za gia tatu ndani ya habu.

Mwendo wa Ziwa

Umeitaja habu ya gia tatu kwa kupita tu, na mimi naona ndiyo katikati ya ubishi wetu wote.

Ile haina kimkono cha nje wala gia zilizopangwa. Nyuma kuna jino moja, cheni moja, imenyooka kama mnavyoipenda. Mabadiliko yote yanafanyika ndani ya habu, kwenye meno madogo yanayoogelea kwenye grisi, vumbi haliingii kirahisi. Si teknolojia ya juzi, Waingereza wa Sturmey-Archer walianza kuziuza mwanzoni mwa miaka ya 1900. Na kwa zile za Shimano zinazokuja na mtumba wa Japani, gia ya chini ni 0.73. Maana yake ukiwa na meno 20 nyuma, unapanda kama vile umefunga friwili ya meno 27. Ile kilo 50 na zaidi ya mkuu Cheni Moja inashuka mpaka kama 40. Ukifika juu unarudisha kwenye gia ya katikati, unaendelea na safari.

Ubaya wake: ikiharibika ndani, fundi wa kando ya barabara wengi hawaifungui. Na ile nyaya yake ikilegea kidogo tu, gia inateleza ukiwa unakanyaga. Lakini kwa mtu wa Isamilo, Bugando au Capri Point anayetaka kwenda kazini na kurudi, hiyo ndiyo ningemwambia achukue.

Fundi wa Mabatini

Naunga mkono. Mimi nazifungua, wengine wanaogopa kwa sababu vipande ni vingi. Ushauri wangu, ukinunua ya hivyo ijaribu pale pale gia zote tatu huku umekanyaga kwa nguvu. Ikiteleza kwenye moja baada ya kurekebisha waya, iache.

Mnyoosha Viungo

Naomba kuchangia upande wa mwili, ndiyo kazi yangu.

Goti linaumia pale unaposukuma kwa nguvu nyingi huku limekunjwa sana. Mfupa wa goti wa mbele unagandamizwa kwenye mfupa wa paja. Baiskeli ya gia moja mlimani inakupa nguvu nyingi na mzunguko mdogo, hilo halikwepeki. Lakini kinachoongeza madhara maradufu ni siti kukaa chini. Tazameni barabarani: watu wazima, warefu, magoti yanakaribia kugusa usukani. Wanashusha siti ili waweze kukanyaga ardhi wakisimama, na hasa wenye mzigo, naelewa sababu.

Kipimo ni rahisi. Kaa kwenye siti, mtu akushikie baiskeli. Weka kisigino, siyo vidole, juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke kabisa bila nyonga kuinama upande. Ukihamia kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukishindwa kugusa ardhi ukiwa juu ya siti, shuka mbele ya siti ukisimama.

Na kukokota siyo aibu. Nawaona vijana wanaong'ang'ania mpando wa Bugando wakiwa na mzigo kwa sababu wenzao wanatazama. Maumivu ya goti hayaji siku hiyo, yanakuja baadaye, na yakija yanakaa.

Mpando wa Bugando umenikumbusha kitu kingine. Mmezungumza kupanda peke yake. Wanaoletwa hospitali kwa ajali za baiskeli, wengi hawakuumia wakipanda.

Cheni Moja

Umegusa jambo ambalo nilitakiwa kuliweka juu kabisa, maana kuliko mlima ninaogopa mteremko.

Madume mengi yana breki za fito zinazovuta raba dhidi ya ringi ya chuma. Ringi ya chuma ikilowa, raba inateleza. Hiyo ni asili ya chuma na maji, haijalishi baiskeli imetengenezwa wapi. Msimu wa vuli na masika ukishuka na mzigo huku mvua inanyesha, ukibana breki mara ya kwanza hazishiki kabisa. Gurudumu linatakiwa lizunguke mara kadhaa raba ifute maji ndipo ianze kushika. Kwa hiyo anza kubana mapema, kwa kugusagusa, kabla mteremko haujaanza. Usisubiri uone roli.

Zile za kukanyaga nyuma, breki iko ndani ya habu, mvua haziisumbui sana. Lakini cheni ikichomoka breki imekwenda nayo. Mwenye breki ya aina hiyo awe na ya mbele pia, ya mkono, inayofanya kazi.

Kijana wa Butimba

Wakuu samahani kwa kuingilia. Kuna hizi zinaitwa fiksi, nimeziona mtandaoni, gia moja, nyembamba, hazina breki. Zinafaa huku kwetu?

Mwendo wa Ziwa

Mdogo wangu, hizo ni kitu kingine. Ya gia moja ya kawaida ina friwili, ukiacha kukanyaga gurudumu linaendelea. Fiksi haina friwili, gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, utake usitake. Zimetengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mbio. Japani wana mbio za keirin tangu mwaka 1948 na wanatumia hizo, bila breki, ila ni uwanja maalumu, hakuna bajaji inayokatiza wala ng'ombe.

Huku, shuka na fiksi kutoka Capri Point uone miguu inavyozungushwa kuliko inavyoweza. Kama unaipenda kwa mazoezi kwenye tambarare, funga breki ya mbele na ya nyuma, halafu uvae suruali iliyobana chini. Kwa kazi, hapana.

Kijana wa Butimba

Nashukuru sana kaka. Basi nabaki na dume la mzee wangu. Nimetoka kuhesabu sasa hivi, mbele 48 nyuma 18. Njia yangu ni Butimba, Mkuyuni, Igogo mpaka mjini, narudi na mchele wa dukani nyuma. Nikiweka 22 cheni hii hii itatosha au ninunue nyingine?

Fundi wa Mabatini

Kijana, 18 na mchele nyuma, pole. Nikujibu vizuri.

Ukiongeza meno mawili kwenye friwili, cheni inahitaji urefu wa kipande kimoja zaidi, nusu nchi. Badala ya kuongeza kipande, unaweza kusogeza gurudumu mbele kwenye mfereji wake, kama milimita 6. Wewe unatoka 18 kwenda 22, meno manne, kwa hiyo ni kama milimita 12 au 13. Angalia ekseli yako imekaa wapi sasa. Kama iko nyuma kabisa kwenye mfereji, nafasi ipo, cheni ile ile inatosha. Kama iko mbele tayari, itabidi uunge, na kwenye cheni ya kawaida huungi kipande kimoja, unaunga viwili, kwa sababu kimoja ni chembamba na kingine kipana. Ukishaunga viwili gurudumu linakaa pale pale lilipokuwa. Ila kabla ya hayo pima kwa rula nilivyoeleza juu. Kama imeshafika nchi 12 na 1/8, usiunge cheni mfu kwenye friwili mpya, nunua zote.

Friwili ya zamani isifunguliwe kwa patasi na nyundo. Ina vifunguo vyake, fundi awe navyo. Nyuzi za habu zikipakwa grisi kidogo wakati wa kufunga, siku nyingine itatoka bila kupigana nayo.

Na jambo ambalo mafundi wengi wanalipita: dume lako kama ni la breki za fito, ukisogeza gurudumu la nyuma raba hazikutani tena na ringi mahali pale pale. Zinaweza kubana upande mmoja, au zisifike. Legeza nati za fito, panga raba zikutane na ringi sawasawa pande zote, kaza, zungusha gurudumu uone haligusi popote. Usiondoke kwa fundi kabla hujaipanda na kubana breki mbele ya kibanda chake, ukiwa na mchele wako nyuma.